Nyumba za asili tunazihifadhi, mifugo tunaiacha nje. Kwa nini?

#1 Mlowezi_Stockholm

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili tulipeleka watoto Skansen, hapa Stockholm, kwenye kisiwa cha Djurgården. Kwa wasiopajua: ni kilima kizima kilichojaa nyumba za zamani, kama 150 hivi, zilizobomolewa kwa uangalifu kila pembe ya Sweden, zikasafirishwa na kusimamishwa upya. Aliyepaanzisha ni Artur Hazelius, mwaka 1891. Viwanda vilikuwa vinameza vijiji, yeye akaona maisha ya wakulima yanapotea, akaanza kukusanya. Kuna kanisa la mbao la Seglora, la karibu mwaka 1730, na mpaka leo watu wanafungia ndoa humo. Hazelius mwenyewe kazikwa palepale.

Ila kilichonishika si nyumba, ni banda. Unainama kupita mlangoni, joto la ng'ombe linakupokea usoni kabla hujamwona hata mmoja. Wamefuga wale ng'ombe wa asili wa milimani, weupe wenye madoa, wanazaliwa bila pembe. Nje kuna mbuzi, kondoo na nguruwe wa mbegu za zamani ambazo wafugaji wa kisasa walishaziacha, na makumbusho yenyewe ndiyo yanayosaidia mbegu hizo zisipotee. Mama mmoja kavaa sketi nzito ya sufu na kilemba, anamweleza mwanangu jinsi maziwa yanavyogeuzwa siagi na jibini. Mtoto ambaye nyumbani haulizi kitu akauliza maswali mpaka foleni ikajaa nyuma yetu.

Sasa hoja yangu. Nyumba ya mfugaji bila mfugo haijakamilika. Kwetu Afrika Mashariki tuna makumbusho mazuri ya nyumba za asili, lakini mengi niliyopita zizi ni uzio tu. Sisi ambao babu zetu walihesabu mali kwa ng'ombe! Nini kinatushinda?

#2 Mtoto_wa_Tandale

Mkuu, uzi bila picha ni umbea. Weka ng'ombe hao tuwaone.

#3 Fundi_Makuti

Tuanze na paa, ng'ombe baadaye.

Mimi naezeka. Makuti, nyasi, vyote. Mtu akikwambia jenga nyumba za makabila yote sehemu moja, kama Kijiji cha Makumbusho, tena Dar es Salaam, amekupa kazi ya kupigana na mvua maisha yako yote. Chukua tembe la Wagogo. Paa lake ni bapa: nguzo za mti mgumu, boriti, fito, nyasi, halafu udongo juu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, inacheza kwenye milimita 600 kwa mwaka au chini ya hapo. Ule udongo unakauka, unakamata, unakaa miaka. Ulete Dar, mvua zaidi ya milimita 1,000, masika halafu vuli, na unyevu wa bahari katikati. Udongo unalowa, unakuwa mzigo, mchwa wanakula nguzo kwa chini, maji yanaingia kwa juu. Sasa chukua msonge wa Wahaya, ule unaoezekwa nyasi kuanzia kileleni mpaka chini. Nyasi zake ni za Kagera. Ukiezeka na nyasi za Pwani unapata umbo, hupati uimara.

Kwa hiyo fedha yote ya ukarabati inaishia kwenye paa. Mlezi wa makumbusho akimaliza masika anashukuru nyumba zimesimama. Ng'ombe atamkumbuka saa ngapi?

#4 Bwana_Mifugo

Fundi kasema kweli, ila kwa ng'ombe wenyewe sababu iko mwilini mwao.

Ng'ombe wa Dodoma ukimleta Pwani bila maandalizi anakutana na ndigana kali. Inaletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, na mnyama aliyekulia eneo ambalo kupe huyo ni wachache hana kinga. Utaona tezi zimevimba chini ya sikio, homa, anapumua kwa shida, na mara nyingi ndani ya wiki chache humuoni tena. Chanjo ipo, kuogesha kupo, lakini vinataka mtu wa kudumu.

Jambo la pili ni wageni. Makumbusho yanapokea watoto wa shule kila siku. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipiga Dodoma na mikoa jirani, ikaua mifugo na watu. Bado kuna kimeta, bado kichaa cha mbwa. Mkurugenzi yeyote mwenye akili timamu atauliza: mtoto akiumwa baada ya kushika ndama, nani anajibu?

Sweden wana majira ya baridi yanayopunguza wadudu wengi. Mkuu #1 analinganisha nchi mbili ambazo kupe wake hawafanani.

#5 Binti_Mgogo

Nimesoma #3 nikatabasamu, maana nimezaliwa ndani ya tembe.

Niwaambie ambacho kwenye nyumba za maonyesho huwa hakionekani. Tembe la bibi lilikuwa na vyumba vinavyozunguka ua, na ule ua ndio zizi. Ng'ombe walilala katikati, watu pembeni. Ndama na watoto wa mbuzi waliingizwa ndani kabisa, usiku ukigeuka unasikia wanacheua. Mlango mkuu ulikuwa mmoja. Ukifungwa umefungwa, fisi abaki na njaa yake nje. Na lile paa la udongo lina siri nyingine: adui akitupa moto haliwaki. Wazee walituambia hivyo, na ukifikiria nyakati za kuvamiana utaona maana yake.

Kwa hiyo ukinionyesha tembe lenye ua uliofagiwa, hakuna kinyesi, hakuna inzi, hakuna moshi wa kufukuza mbu, mimi siwezi kumweleza mwanangu kwa nini mlango uko mmoja wala kwa nini kuta zimejipanga vile. Nyumba ile ilichorwa na ng'ombe. Namuunga mkono #1 kwa asilimia zote.

#6 Kamau_Langata

Sasa wakuu. Huku Nairobi tuko na Bomas of Kenya tangu 1971, boma za jamii mbalimbali na wachezaji ngoma hodari sana. Wanyama? Bomas imepakana na mbuga ya Nairobi, simba wako karibu kuliko ng'ombe.

#7 Mtoto_wa_Tandale

#6 nyie Bomas mnaijua kwa kujumlisha kura za uchaguzi tu. 2013 kura, 2017 kura, 2022 kura. Mkenya akisikia Bomas anashika kikokotoo.

#8 Kamau_Langata

Na rasimu ya katiba ya 2004 usiisahau, ilipikwa hapo hapo. Nyumba za wazee zinafaa mashauri mazito, ndugu yangu. Lakini ukienda siku ya kawaida utakuta watoto wa shule wamejaa, na msarakasi akiruka hakuna anayekumbuka siasa. Nendeni.

#9 Msoma_Kale

Uzi mzuri. Nirekebishe kitu kabla hakijaenea, maana kuna mtu kanitumia huu uzi akisema "makumbusho ya kwanza ya aina yake duniani". Skansen ya 1891 ndiyo iliyoigwa sana, lakini miaka kumi kabla yake, 1881, mfalme Oscar wa Pili, aliyetawala Sweden na Norway kwa pamoja, alishaanza kukusanya majengo ya kale huko Bygdøy, ndani ya Oslo ya leo. Alihamishia hapo kanisa la mbao la Gol, la zama za kati, lililokuwa hatarini kubomolewa. Mkusanyiko huo baadaye ukaingizwa kwenye makumbusho ya watu wa Norway.

Kitu ambacho Hazelius aliongeza ni uhai: watu waliovaa mavazi ya wakati ule, kazi za mikono, muziki, na wanyama. Kwa hiyo swali la #1 liko kwenye kiini kabisa cha jambo. Mfalme alikusanya majengo, Hazelius alitaka maisha.

#10 Mwana_Katanga

Bonjour à tous. Mimi ni wa Lubumbashi, niko Ubelgiji.

Mnaongea "watu na wanyama ndani ya kijiji cha maonyesho" kama ni kitu kitamu tu. Hapa kuna mji unaitwa Tervuren. Mwaka 1897 mfalme Léopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho ya Bruxelles. Walijengewa vijiji vya bandia kando ya bwawa, ndani ya bustani ya mfalme, na watu zaidi ya milioni walipita kuwatazama. Saba walikufa. Wamezikwa kando ya kanisa la mji huo, makaburi yako hapo mpaka leo, nimesimama mbele yake. Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa, Mibange. Nayaandika majina kwa sababu wakati ule waliokuja kutazama hawakuyauliza.

Ndio maana mimi nikiona nyumba ya Mwafrika, mtu kavaa ngozi mlangoni, na mnyama amefungwa pembeni, na Mzungu ana kamera, tumbo linanikaza. Waswidi wanajionyesha wenyewe kwa wenyewe. Sisi historia yetu ya kuonyeshwa ni nyingine. Pengine waliojenga makumbusho yetu baada ya uhuru waliwaacha wanyama nje kwa makusudi.

#11 Mlowezi_Stockholm

#10 asante sana kwa kuandika haya.

Na hata hapa si kila mtu alijionyesha mwenyewe. Tangu miaka ya mwanzo Skansen ilikuwa na kambi ya Wasami, watu wa kaskazini wanaofuga kulungu wa baridi. Familia za Wasami zililetwa zikaishi hapo na wanyama wao, wakazi wa mji wakija kuwatazama. Watafiti na Wasami wenyewe wanalizungumza kwa ukali siku hizi.

#12 Msoma_Kale

Na Oslo, 1914, kwenye maonyesho makubwa ya miaka 100 ya katiba ya Norway, kulikuwa na "Kijiji cha Kongo". Waafrika 80, wengi wao wametoka Senegal wala si Kongo, wakiishi kwenye vibanda mbele ya umma kwa miezi mitano. Waliokuja kuangalia maonyesho yale walikuwa zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo #10 hazungumzii jambo la mfalme mmoja mbaya. Ilikuwa ni biashara iliyoenea.

Hata hivyo sikubaliani na hitimisho lake. Sijawahi kuona andiko la waanzilishi wetu linalosema wanyama waachwe kwa sababu ya Tervuren.

#13 Mwana_Katanga

Si kila sababu inaandikwa, mkubwa wangu.

#14 Umwari_wa_Nyanza

Muraho. Mbona mmetuacha Rwanda?

Njooni Nyanza, kilima cha Rukari. Kuna jumba la mfalme limejengwa upya kwa mtindo wa kale, kubwa, la duara, limeezekwa nyasi, ndani mikeka na vizuizi vya kusuka. Nyuma yake kuna nyumba mbili ndogo: moja ya maziwa, aliyokaa msichana ambaye hajaolewa, kazi yake kutunza maziwa ya mfalme, nyingine ya pombe, iliyotunzwa na kijana wa kiume. Pembeni lipo jumba la kisasa alilojengewa mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na nyuma kuna Inyambo.

Inyambo ni ng'ombe wa kifalme. Rangi ya damu ya mzee, pembe ndefu zinapanda juu mpaka unaogopa atazibebaje. Mchungaji anawaimbia. Si kwa ajili ya wageni tu, wale ng'ombe wamezoeshwa sauti yake, akianza mmoja anainua kichwa, mwingine anasogea, wanatembea taratibu wakimsikiliza. Zamani kila mmoja alikuwa na jina na shairi lake la sifa. Siku za sherehe walivalishwa shanga na mapambo, wakapita mbele ya mfalme.

Kwa hiyo inawezekana. Na namjibu #10 kwa heshima: pale Nyanza hakuna anayejisikia kutazamwa. Anayetazamwa ni ng'ombe, na mchungaji ndiye mwenye neno.

#15 Bwana_Mifugo

#14 umenisaidia. Nyanza iko juu, hewa baridi, na wale ng'ombe wako kwao, hawakuhamishwa hali ya hewa. Ndicho nilichosema #4. Mfugo ukae alikozaliwa, makumbusho yamfuate huko.

#16 Nng'wana_Kisesa

Mwadila wakubwa! Makumbusho kumfuata mfugo alikozaliwa? Basi mmefika Bujora, nje kidogo ya Mwanza. Padre David Clement, Mkanada, wa shirika la White Fathers, ndiye aliyekusanya vitu vya Wasukuma kwa miaka mingi: ngoma za watemi, viti, vifaa vya waganga. Kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Na wanyama wapo wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma ya mwezi Juni. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanashindana kucheza, kila kundi linatafuta cha kuvuta watu kutoka upande wa pili, na wapo wanaocheza na chatu shingoni.

Mnalilia ndama, sisi tuna chatu. Mkuu #1 mlete huyo mtoto wako anayeuliza maswali.

#17 Mtoto_wa_Tandale

Hapo mtoto hataulizia siagi.

#18 Mama_Kidaka

Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Lamu.

Nyie mnatafuta nyumba za kale zenye wanyama, na sisi tunaishi ndani yake. Mji wetu umeingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, ndani zidaka zimepangwa ukuta mzima. Vichochoro ni vya punda, wamebeba mawe, mchanga, maji, mizigo ya ngalawani. Kuna zahanati ya punda tangu 1987, mnyama akichubuka mgongo anatibiwa bure. Na kuna nyumba moja ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, imepangwa kama ilivyokuwa, vitanda, vyombo vya jikoni, kila kitu mahali pake.

Sasa niwaambie ukweli wa anayeishi mahali kama hapo. Punda ni mavi mlangoni asubuhi, ni kulia alfajiri, ni kugombana na mwenye punda. Mgeni anapiga picha, anaona raha, anaondoka. Mimi nafagia. Ukitaka mnyama ndani ya urithi, sema kwanza nani atafagia. Nyumba za huko kwa akina Binti Mgogo zilikuwa na watoto na mabinti wa kufagia zizi kila siku. Makumbusho yana nani?

#19 Binti_Mgogo

Mama Kidaka shikamoo. Umegusa penyewe. Mfagiaji alikuwa mimi.

#20 Mama_Kidaka

Marahaba mwanangu. Basi wajua.

#21 Mzee_wa_Azimio

Vijana, mmezunguka sana. Tazameni tarehe.

Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo kilianza 1967. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana Mwalimu aliiunda 1962, mara tu tulipokuwa jamhuri, akasema nchi bila utamaduni wake ni watu tu waliokusanyika. Maneno si yake kamili lakini maana ndiyo hiyo. Lengo la kijiji kile lilikuwa taifa. Mzaramo aingie msonge wa Mhaya, Mhaya aingie tembe la Mgogo, wote waseme hiki ni chetu. Nyumba inabeba ujumbe huo vizuri. Nyumba haina ubaguzi. Ng'ombe anao! Ukiweka ng'ombe kwa Mgogo na Mmasai, ukamwachia Mmakonde kuku, umeshaanza kupanga nani tajiri nani maskini.

Na kumbukeni kilichofuata. Miaka ya 1973 hadi 1976 ni Operesheni Vijiji, watu wamehamishwa kwa mamilioni, na kampeni za nyumba bora zinasema toka kwenye tembe, tenganisha watu na mifugo kwa ajili ya afya. Serikali hiyohiyo ingeweka mjini tembe lenye ng'ombe ndani kama mfano? Afisa afya angekuja kulifunga.

#22 Msoma_Kale

#21 hoja ya afya naikubali, ina mantiki. Ile ya utajiri sijaikubali. Nyumba nazo zinaonyesha tofauti, msonge wa mtemi haulingani na kibanda.

#23 Mzee_wa_Azimio

Ulikuwepo 1967?

#24 Binti_Mgogo

Mzee shikamoo. Nakuheshimu, ila hapo kwenye afya pana jeraha. Kwetu watu waliambiwa tembe ni uchafu, ni ushamba. Bibi yangu alihamishwa akajengewa nyumba ya mstari, ng'ombe wakabaki mbali, na fisi akapata sikukuu. Halafu mjini tembe hilohilo likawa fahari ya taifa. Kijijini aibu, makumbusho fahari. Mimi naona zizi tupu linatoka hapo: tulihifadhi umbo tulilokuwa tunalionea aibu, tukalisafisha kwanza.

#25 Mzee_wa_Azimio

Marahaba. Hilo nalisikia. Lakini usisahau kwamba watoto wengi walipata shule na zahanati kwa sababu ya vijiji hivyohivyo. Bibi yako alipoteza, mama yako pengine alisoma.

#26 Binti_Mgogo

Alisoma. Yote mawili ni kweli.

#27 Ssebo_Kampala

Fundi #3, nina neno kuhusu nyasi. Kasubi, Kampala, kwa makaburi ya Kabaka wetu, wafalme wa Buganda, nyumba kubwa ya 1882 iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Watu walilia barabarani. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini 2023. Shida haikuwa pesa peke yake. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wao ndio wenye haki na ujuzi, na vijana wengi walikuwa hawajawahi kushika kazi ya ukubwa ule. Ilibidi wafundishwe na wazee waliobaki.

Kwa hiyo mnaposema "lete ng'ombe", kumbukeni mwenye kujua. Nyumba inataka Ngeye, ng'ombe anataka yule mchungaji wa #14. Mtu wa kuajiriwa mwaka mmoja mmoja hawezi kumwimbia ng'ombe akasikia.

#28 Fundi_Makuti

Ssebo umenena. Na moto ndio usingizi wangu unapokatika. Nyumba ya nyasi ambayo haiwashwi moto ndani inaoza na kuliwa na wadudu haraka, moshi ndio dawa ya nyasi. Lakini ukiwasha moto ndani ya makumbusho kila mtu roho juu.

#29 Mhasibu_Mkuu

Nimevumilia mpaka hapa. Wote mnazunguka pesa.

Nyumba ikikosa wageni mwezi mzima unaifunga na kufuli. Ng'ombe hafungiki na kufuli. Anakula Krismasi, anakula Ramadhani, anakula siku mfumo wa malipo umegoma. Bajeti ya taasisi ya umma inatoka kwa vipindi, majani hayasubiri kipindi. Skansen wana wageni zaidi ya milioni kwa mwaka na kiingilio cha maana. Weka kiingilio cha maana kwa Mtanzania uone nani atakuja.

#30 Umwari_wa_Nyanza

Inyambo nao wanakula Krismasi, na wapo.

#31 Mhasibu_Mkuu

Wapo kwa sababu taifa liliamua kulipa. Ndicho ninachosema.

#32 Mtoto_wa_Tandale

Swali nje ya mada. Mkuu #1, nasikia huko wana dubu. Kweli?

#33 Mlowezi_Stockholm

Kweli. Dubu, mbwa mwitu, sili, na wengine wa porini wa kaskazini tu, kila mmoja kwenye eneo lake la miamba na miti. Dubu wanalala majira yote ya baridi. Wakizaa, watoto wanatoka pangoni masika yakifika na nusu ya mji inakwenda kuwaona.

Ila narudi kwa wa kufugwa. Kuna sehemu wamejenga kambi ya malisho ya kiangazi. Zamani wanawake na mabinti walipanda na ng'ombe na mbuzi msituni miezi ya joto, wakakaa huko wakitengeneza siagi na jibini. Waliwaita ng'ombe kwa wito wa sauti ya juu sana, unakata msitu mzima. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza malisho hayo ya kiangazi ya Sweden na Norway kwenye urithi usioshikika. Niliposoma #14 kuhusu mchungaji anayeimba nikaona kazi ni ileile, huku sauti ni ya mwanamke.

#34 Mwalimu_wa_Darasa_la_Tano

Jamani nami niseme, maana mimi ndiye ninayepeleka hao watoto.

Watoto wa mjini hawajui ndama ananyonya vipi. Niliwapeleka kwenye makumbusho moja, sitaitaja, wakatembea nyumba tatu za kwanza kwa makini, ya nne wakaanza kusukumana. Nyumba zilikuwa tamu kwangu kwa sababu nina kumbukumbu. Wao hawana. Kuku mmoja alipita na vifaranga, wa jirani pengine, darasa zima likarudi kimya, wakauliza: alikuwa analala wapi humu ndani? Nikawaonyesha kona. Kuanzia hapo kila nyumba waliuliza: kuku wake wapi? Mbuzi wake wapi? Wanawake walilala upande gani?

Kwa hiyo hoja zenu zote ni nzito, ndigana, paa, Tervuren, Azimio. Nami naomba mbuzi. Ng'ombe mwacheni.

#35 Bwana_Mifugo

Mbuzi inawezekana! Wa kienyeji wa Pwani wamezoea huku. Chanjo ya homa ya mapafu na ya sotoka, dawa ya minyoo, kibanda kilichoinuliwa, na mtu mmoja anayewajua. Watano wanatosha. Na kuku wa asili, kuchi au kishingo, wachanje kideri kila miezi mitatu.

#36 Mwana_Katanga

Mbuzi wa Pwani kwenye nyumba ya Mgogo? Hiyo si sura yake. Mgeni ataondoka anaamini kitu ambacho si kweli.

#37 Binti_Mgogo

Afadhali mbuzi wa kuazima kuliko ua mtupu. Mwekeni maelezo ukutani kwamba katoka Pwani.

#38 Fundi_Makuti

Binti Mgogo, kabla hatujafika kwa mbuzi. Udongo wa paa la bibi ulichimbwa wapi? Nina kazi ya tembe inakuja, na nataka ule unaokamata.

#39 Binti_Mgogo

Wa kichuguu. Unapondwa, unalowekwa, unakanyagwa kwa miguu mpaka ushikane. Na baada ya kila mvua kubwa mtu anapanda kuziba nyufa siku hiyohiyo, asingoje. Nitampigia mama kesho nimuulize kama walichanganya na kinyesi cha ng'ombe kwenye paa au kwenye kuta tu.

#40 Fundi_Makuti

Niulizie. Kama ni kinyesi, basi tumerudi kulekule, tembe haliezekwi bila ng'ombe.

#41 Mhasibu_Mkuu

Muulize na mama majani ya hao mbuzi watano Septemba, kiangazi kimekausha kila kitu, alikuwa anayatoa wapi na kwa gharama ya nani.